Kutoka Geti la Ndabaka hadi Chanzo cha Mississippi

Ukitoka Mwanza kwa basi kwenda Musoma, ukishaipita Lamadi, barabara inausogelea ukingo wa Serengeti mpaka pundamilia wanaonekana dirishani. Hapo ndipo lilipo geti la Ndabaka. Utotoni nilipita hapo kila likizo ya Desemba tukienda kwa shangazi yangu, na kila mara abiria wa upande wa kushoto walisimama na kuegemea viti vya wenzao wa kulia ili nao waone. Basi halikusimama hata siku moja. Nilipomuuliza baba kwa nini hatushuki tukaingia, alinijibu, "Humo wanaingia wageni, mwanangu. Sisi tunapita." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Hifadhi ya kwanza kuingia maishani mwangu niliingia nikiwa na miaka 29, na haikuwa Serengeti. Ilikuwa Fort Snelling, hifadhi ya jimbo la Minnesota, Marekani, iliyo bondeni karibu na uwanja wa ndege wa Minneapolis, ambako ndege zinapita juu yako chini sana hadi unaona magurudumu. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima na miezi kadhaa nchini humo bila kuona kitu zaidi ya nyumba, kituo cha basi, duka la vyakula na kituo cha kulelea wazee ninakofanya kazi zamu ya usiku. Nilikuwa nikilala mchana mapazia yamefungwa. Binti yangu, wakati huo ana miaka minne, aliijua Marekani kwa dirisha la sebuleni.

Dada mmoja Mkenya niliyekuwa nikipokezana naye zamu ndiye aliyetutoa. Mtoto wake alikuwa amepata kipaimara na wakaamua sherehe ifanyike "paki". Nikadhani tunakwenda kwenye bustani ya mtaa. Tukafika getini, akalipia gari, tukateremka mpaka kwenye ziwa dogo lililozungukwa na miti mirefu, na chini ya miti meza za mbao na majiko ya kuchomea nyama yaliyosimikwa ardhini. Harufu ya mbuzi ikapanda. Watoto wakakimbilia maji. Nilikaa kwenye nyasi nikalia kidogo, maana sikuwa nimekaa kwenye nyasi tangu nilipoondoka Nyegezi.

Niwaeleze kwanza mambo ya hifadhi hizi, kwa sababu wengi wetu tukisikia hifadhi za Marekani tunawaza Yellowstone. Hiyo ni ya taifa, inaendeshwa na serikali kuu. Lakini kila jimbo nalo lina hifadhi zake. Ni ndogo, ziko karibu na watu, na huko Minnesota kiingilio ni cha gari, si cha kichwa. Mwaka ule nilioanza nililipa dola 35 kwa kibali cha mwaka mzima, kikaniingiza katika kila hifadhi ya jimbo pamoja na wote walioenea garini. Ziko pia siku nne katika mwaka ambazo kiingilio ni bure. Ninayataja haya mapema kwa sababu kwa muda mrefu kilichonizuia si umbali wala pesa. Kilikuwa yale maneno ya baba. Nilikuwa nimevuka bahari nayo.

Basi siku ile ya mbuzi, baada ya kula, nilimbeba binti yangu mgongoni kwa kanga, nikatembea kuelekea jengo la kupokelea wageni. Karibu na jengo hilo pana kumbukumbu. Nikasimama kusoma, kwa Kiingereza changu cha wakati huo kilichokuwa kikienda taratibu. Mwaka 1862 kulikuwa na vita kati ya Wadakota, wenyeji wa nchi ile, na Marekani. Wadakota walikuwa wamesaini mikataba na kuachia ardhi, malipo waliyoahidiwa yakachelewa, njaa ikaingia, vita vikaanza mwezi Agosti na vikaisha kabla ya mwisho wa Septemba. Tarehe 26 Desemba mwaka huo, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa wakati mmoja katika mji wa Mankato. Na pale pale niliposimama, katika bonde lile, wanawake, watoto na wazee wapatao 1,600 walifungiwa ndani ya uzio majira yote ya baridi. Inakadiriwa kwamba kati ya 130 na 300 walikufa, wengi kwa magonjwa kama surua. Mwaka uliofuata, waliosalia wakapakiwa kwenye meli na kuhamishiwa Crow Creek, mbali na nchi yao.

Nilikuwa nimeionja baridi ya Minnesota. Nilijua Januari ya huko inamfanya nini mtu aliyevaa koti zito na kusimama kituoni dakika kumi tu. Nikamfikiria mama mwenye mtoto mgongoni kama mimi, ndani ya hema, kwenye udongo ule wenye unyevu wa mto, kwa miezi. Nyuma yangu nilisikia wenzangu wakicheka na muziki ukilia.

Mahali hapo mito miwili inakutana, Minnesota na Mississippi. Wadakota wanapaita Bdote, yaani makutano ya maji, na wengi wao wanaamini kwamba hapo ndipo asili yao ilipoanzia. Kwa hiyo walifungwa mahali walipozaliwa kama taifa. Na juu ya genge, kwenye ngome yenyewe, miaka ya 1830 aliishi Dred Scott na mkewe Harriet, watu weusi waliokuwa wakimilikiwa na maofisa katika eneo ambalo sheria ilikataza utumwa. Kwa sababu waliishi huko, baadaye walikwenda mahakamani kudai uhuru wao, na mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia, kwa hukumu iliyosema kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Mambo yote haya yako ndani ya hatua chache, na juu yake ndege zinatua.

Tangu siku hiyo, nikiingia hifadhi yoyote sianzi na maporomoko. Naanza na kibao.

Kazini kulikuwa na mzee niliyemhudumia ambaye usingizi wake ulikuwa umepotea. Saa tisa za usiku alikuwa macho, anataka mazungumzo. Ujana wake wote alikuwa baharia wa meli za kubeba mawe ya chuma kwenye Ziwa Superior. Aliponiuliza natoka wapi nikamwambia ninatoka kando ya Ziwa Victoria, akafurahi kama aliyekutana na jirani. Alijua kwamba kwa ukubwa wa eneo Superior ni la kwanza kati ya maziwa yenye maji baridi duniani, na letu ni la pili. Akaniuliza kina. Nikatafuta kwenye simu: letu halifiki mita 90, lao linapita mita 400. Akatikisa kichwa. "Lenu ni sahani," akasema, "letu ni kisima." Nikamwambia sahani yetu nayo inaua. Nikamsimulia habari za MV Bukoba.

Nilikuwa darasa la tatu ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, ikitoka Bukoba kuja Mwanza. Mwalimu aliitwa nje ya darasa, akarudi, akasimama bila kusema. Mtaani kwetu kulikuwa na mama aliyekuwa akileta ndizi kutoka Bukoba, sisi watoto alitupa zile zilizoiva sana. Hakurudi. Zaidi ya watu 800 walikufa, na wengi walizikwa Igoma. Kwa miaka sikuweza kulitazama ziwa jioni.

Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tarehe 10 Novemba nenda Split Rock."

Nikaenda. Split Rock Lighthouse ni hifadhi ya jimbo iliyo ufukweni mwa Superior, kama saa nne za kuendesha ukitoka Minneapolis ukisimama kula. Mnara wa taa umejengwa ukingoni mwa genge linaloshuka wima hadi majini, mita 40 hivi. Ulijengwa kwa sababu ya dhoruba. Tarehe 28 Novemba 1905, upepo uliharibu meli nyingi kwenye ziwa hilo katika siku moja. Meli moja, Mataafa, ilikwama mlangoni mwa bandari ya Duluth, watu wakiwa wamejaa ufukweni wanaitazama, na mabaharia tisa wakafa usiku ule mbele ya mji mzima. Mabaharia pia walikuwa wakilalamika siku nyingi kwamba chuma kilichomo katika miamba ya pwani ile kinapotosha dira. Serikali ikakubali kujenga. Barabara haikuwepo, kwa hiyo kila tofali, kila mfuko wa saruji na kila kioo vililetwa kwa meli, vikavutwa juu ya genge kwa mashine ya mvuke. Taa ikawashwa mwaka 1910, ikaongoza meli hadi 1969.

Sasa, tarehe 10 Novemba 1975, meli kubwa iitwayo Edmund Fitzgerald ilizama katika ziwa hilo na watu 29. Hakuna aliyepona. Kila mwaka tarehe hiyo watu wanakusanyika chini ya mnara jioni, jua likiwa limezama, majina ya wote 29 yanasomwa moja baada ya jingine, na baada ya kila jina kengele inagongwa. Kisha inagongwa mara ya 30 kwa ajili ya wote waliowahi kupotea katika maziwa yale. Halafu taa inawashwa, ile ile ya zamani, na mwanga wake unazunguka juu ya maji meusi.

Nilisimama kati ya watu nisiowajua, mikono nimeitia kwapani kwa baridi. Walikuwepo wazee na watoto wamebebwa mabegani. Hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nikihesabu kengele, na nilipofika 29 nilianza kufikiri kwamba kwetu ingebidi igongwe zaidi ya mara 800, na ingekuchukua jioni nzima hadi usiku wa manane, na kwamba ningesimama mpaka mwisho ili nilisikie jina la yule mama wa ndizi.

Nilitaka kumpelekea mzee wangu kokoto moja ya ufukweni. Kokoto za pale ni nyekundu na za kijivu, zimelainishwa na maji kama sabuni iliyotumika. Nilikuwa tayari nimeitia mfukoni nilipoona kibao kinachosema ni marufuku kuondoa jiwe, ua au kitu chochote cha hifadhi. Nikairudisha. Kwa bahati nilikuwa nimerekodi kengele kwenye simu. Usiku wa Jumatatu, saa tisa, nikamfungulia. Alihesabu kwa vidole juu ya blanketi, na ilipofika ya 30 akaweka mkono juu ya mkono wangu, akauacha hapo.

Safari ile ilinifunza pia mambo ya kawaida ambayo nisingependa mwingine ajifunze kwa njia niliyopitia. Nilikwenda nimevaa sweta na koti la mjini, na upepo wa Superior mwezi Novemba unapita ndani ya koti la mjini kama halipo. Mtandao wa simu ulikatika katikati ya njia, ramani ikaganda, na kurudi nilirudi gizani kwenye barabara yenye msitu pande zote, kulungu wakitokea mbele ya taa za gari. Siku hizi nachukua ramani ya karatasi pale getini, wanatoa bure. Najaza mafuta mji wa mwisho mkubwa. Na majira ya joto, tukirudi nyumbani, kabla ya chakula nakagua watoto kupe: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye mstari wa chupi. Kupe wa huko ni mdogo kama mbegu ya ufuta na anaweza kumwambukiza mtu ugonjwa wa Lyme. Mwanangu mdogo wa kiume nilimtoa mmoja nyuma ya sikio, tena tulitembea nusu saa tu.

Kusini kidogo ya Split Rock, barabara ile ile, kuna Gooseberry Falls. Maporomoko ni mazuri, maji rangi ya chai ya rangi yakishuka ngazi kwa ngazi juu ya mwamba mweusi, na watu wengi wanapiga picha na kuondoka. Mimi kilichonishika ni kuta. Kando ya barabara upo ukuta mrefu wa mawe yaliyochongwa kwa mkono, na yako majengo ya mawe na magogo, yote yakiwa imara mpaka leo. Yalijengwa na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango alioanzisha Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933, wakati mdororo wa uchumi ulipowaacha mamilioni bila kazi. Vijana walikaa kambini, wakapanda miti, wakajenga njia na madaraja katika hifadhi nchi nzima mpaka mwaka 1942. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo takriban dola 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao.

Niliposoma hilo nilikaa kwenye ukuta wenyewe. Mimi pia kila mwisho wa mwezi nasimama kwenye foleni ya kutuma pesa, au natuma kwa simu nikiwa kitandani baada ya zamu: ada ya mdogo wangu, dawa za mama, bati za nyumba ya Kisesa. Kijana wa mwaka 1935 aliyeweka jiwe lile alijua hesabu hiyo. Nililishika jiwe kama mtu anayemsalimia mtu.

Mama alikuja kututembelea Julai moja. Amefundisha shule ya msingi miaka 31, historia na jiografia, na hata sasa amestaafu huwezi kumwonyesha kitu asikuulize kilianza lini. Nilijua pa kumpeleka. Tulitoka alfajiri na chupa mbili za chai, maandazi, na mayai ya kuchemsha, tukaelekea kaskazini kwa saa nne mpaka Itasca.

Itasca ndiyo hifadhi ya jimbo kongwe kuliko zote Minnesota. Ilianzishwa mwaka 1891, na muswada wake ulipita bungeni kwa kura moja tu ya ziada, kwa sababu kampuni za mbao zilikuwa zikiitamani misonobari yake. Hata baada ya sheria kupita ukataji uliendelea. Mwaka 1903 msimamizi wa hifadhi alikuwa binti wa miaka 24, Mary Gibbs, aliyeshika nafasi hiyo baada ya baba yake kufariki. Wakata magogo walikuwa wameziba maji kwa banio ili yapande na kusafirisha magogo yao, na maji yakaanza kuzamisha miti ya ufukweni. Akaenda mwenyewe kwenye banio akaamuru milango ifunguliwe. Akatishiwa bunduki, naye hakurudi nyuma. Hakudumu kazini, maana wenye mbao walikuwa na nguvu, lakini misonobari mingine aliyoisimamia bado imesimama, ina zaidi ya miaka 200, na ukipita chini yake unanyamaza mwenyewe. Mama aliposikia habari zake alisema, "Huyo angekuwa mwanafunzi wangu ningempa ukiranja."

Watu wanakwenda Itasca kwa sababu hapo ndipo mto Mississippi unapotoka ziwani. Kuna mstari wa mawe makubwa, maji yanapita katikati yake kwa sauti ndogo, na upande wa pili ule mto ambao chini huko unabeba meli unafika kwenye magoti ya mtoto. Gogo refu limesimamishwa kando, limechorwa maandishi ya njano: futi 1,475 juu ya bahari, mto unaanza safari ya maili 2,552 kwenda Ghuba ya Meksiko. Hizo ni zaidi ya kilomita 4,000. Inasemekana tone moja huchukua kama siku 90 kufika.

Tulivua viatu. Mama aliinua kanga yake mpaka magotini, akanipa mkono mmoja, mwingine akampa mjukuu wake. Tukavuka taratibu, mawe yanateleza, mpaka ng'ambo. Akasimama ndani ya maji. Akainama, akachota kwa kiganja, akanawa uso, akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma. Hajui kumshukuru Mungu kwa lugha nyingine kwa jambo kubwa.

Kisha tukaenda kusoma vibao, kama desturi yangu. Mmarekani mmoja, Henry Schoolcraft, alifika ziwa hilo Julai 1832, na jina Itasca alilitunga kwa kukata na kuunganisha maneno mawili ya Kilatini, *veritas* na *caput*, ukweli na kichwa. Lakini ziwa lilikuwa na jina. Waojibwe waliliita Omashkoozo-zaaga'igan, ziwa la mnyama mmoja mkubwa wa jamii ya kulungu, na wafanyabiashara Wafaransa walikuwa wameshalifasiri kwa Kifaransa. Na Schoolcraft hakujikuta hapo tu. Aliongozwa na kiongozi wa Kiojibwe aitwaye Ozawindib, aliyejua kila kijito na kila mahali pa kubeba mtumbwi mabegani. Leo Ozawindib ana ziwa dogo lenye jina lake humo humo hifadhini. Schoolcraft ana kisiwa katikati ya ziwa kubwa.

Mama alinitaka nimfasirie mara mbili. Halafu akanyamaza. Tulikula mayai kwenye meza ya mbao na bado amenyamaza. Mwishowe akaniuliza, "Yule aliyekuja na Speke, alikuwa nani?"

Nilijua anachouliza. Sote tuliosoma Mwanza tuliandika daftarini kwamba John Hanning Speke aligundua Ziwa Victoria, tarehe 3 Agosti 1858. Ghuba inayokwenda mashariki ya mji wetu mpaka leo ni Ghuba ya Speke. Mama amelifundisha hilo kwa chaki na kwa fimbo. Nikamwambia alikuwa na msafara, na ndani yake alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa utumwani India, akapata uhuru, akarudi Zanzibar. Alikuwa na Speke mwaka 1858, akawa naye tena kwenye msafara uliofika mto Nile unapotoka ziwani, Jinja, tarehe 28 Julai 1862. Nilipoitaja tarehe hiyo nilishtuka mwenyewe: ni wiki tatu kabla ya vita vya Wadakota kuanza.

"Na ziwa," mama akasema, "halikuwa na jina?"

"Mlikuwa mkiliitaje, mama?"

"Nyanza. Bibi yangu alisema nakwenda nyanza. Wahaya wana lao, Wajaluo wana lao, Waganda wana lao." Akakunja kanga mapajani. "Miaka 31. Mtoto akiandika Speke nampa vema. Angeandika bibi yake, ningempa kosa."

Sikuwa na la kumjibu. Nikammiminia chai.

Kabla ya kuondoka tuligundua jambo jingine ambalo nililipenda, ingawa binti yangu alilichukulia kama udanganyifu. Ule mstari wa mawe tuliovukia haukuwekwa na maumbile. Mahali pale palikuwa na matope na majani marefu, mto ukitoka bila umbo. Miaka ya 1930 vijana wale wale wa Roosevelt walijaza kinamasi, wakachimba mfereji mpya na kupanga mawe, ili wageni wapate mahali pa kusimama na kusema, hapa ndipo unapoanzia. Binti yangu akasema basi si chanzo cha kweli. Mama akamwambia, "Maji ni yale yale. Mawe ni ya watu waliotuandalia mlango." Nikamwona mwalimu wa zamani amerudi.

Njiani kurudi mama alilala, akaamka tukiwa karibu na mjini, akauliza swali ambalo naamini lilikuwa limemkaa tangu mezani. Aliuliza kama nimewahi kwenda Saanane.

Wasioijua Mwanza: Saanane ni kisiwa cha mawe kilicho mbele ya mji, ukisimama Capri Point unakiona kwa macho, na boti inafika kwa dakika chache. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Ni ndogo kabisa, lakini ni ya taifa kama Serengeti. Nilikulia nikiiona. Sikuwahi kwenda. Mama, miaka yote 31 akifundisha umbali usiofika saa moja kwa daladala, hakuwahi kwenda wala kupeleka darasa. Nikamwambia sijafika. Akasema, "Mimi pia," akageuza uso dirishani.

Alirudi Mwanza Septemba. Jumapili moja ya Novemba simu ikalia, kwangu ni asubuhi, ndiyo kwanza nimetoka zamu. Nilisikia watoto wengi nyuma yake na upepo. Alikuwa amewachukua wajukuu wote waliopo Mwanza, saba, na wengine wawili wa jirani, akawalipia boti kwa pesa niliyomtumia ya dawa, na akaniambia hivyo bila kuomba radhi. Walikuwa wamekaa juu ya mwamba wanakula viazi.

"Mhifadhi alitaka kutupeleka kwa wanyama kwanza," akasema. "Nikamwambia, baba, subiri. Waambie watoto Saanane alikuwa nani."

"Akajua?"

"Akajua. Mzee mvuvi na mkulima, kisiwa kilikuwa chake, aliishi hapa mpaka serikali ilipomhamisha ili pawe pa wanyama. Jina likabaki. Niliwaandikisha kwenye madaftari, kila mmoja."

"Halafu?"

"Halafu tukaenda kuwaona pimbi," mama akasema, na nikamsikia akimwita mtoto mmoja asisogee ukingoni.